Dhiki haina dini wala kabila: Mikopo ya vyuo iende kwa mwenye haja

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, aliyegawa riziki kwa hekima Yake na akaweka ndani ya mali ya wenye nacho haki ya wasio nacho. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyekulia katika uyatima, pamoja na jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, kila mwaka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inapotangaza waliopangiwa mikopo, maneno huwa mengi kwenye baraza za misikiti yetu. Nimeyasikia Dar es Salaam, nimeyasikia Tanga mjini, na zaidi nimeyasikia kwetu Handeni na Korogwe. Zamani orodha zilibandikwa ukutani na watu wakahesabu majina: akina Juma wangapi, akina John wangapi. Siku hizi kila kijana huona jibu lake mwenyewe kwenye simu, lakini kuhesabu hakujaisha. Mwisho wa hesabu hutoka hoja ile ile: kwa kuwa Waislamu tuliachwa nyuma katika elimu, basi na mikopo igawiwe kwa hesabu ya dini, sisi fungu letu na wao fungu lao.

Leo nataka tuipime hoja hiyo kwa mizani ya dini yetu wenyewe. Nausema msimamo wangu mapema ili msomaji asihangaike kuutafuta: fedha ya umma ya kumsomesha kijana chuoni igawiwe kwa dhiki yake, si kwa jina lake, dini yake, kabila lake wala rangi yake. Lakini dhiki hiyo ipimwe kweli, isiishie kwenye karatasi. Sehemu hii ya pili ndiyo inayotuhusu sana sisi Waislamu, nayo ndiyo tunayoisahau tunaposhughulika kuhesabu majina.

Historia isifichwe

Anayedai fungu la dini hakuokota madai yake barabarani, historia anayo. Mwingereza alipoitawala Tanganyika aliigawa elimu kwa rangi ya ngozi. Kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, na Mwafrika ndiye aliyekuwa wa mwisho mezani. Ndani ya fungu hilo dogo la Mwafrika kulikuwa na mgawanyo mwingine. Ruzuku za serikali zilikwenda kwenye shule za misheni, na vyuo vyetu vya Qur'ani, alikojifunza mtoto wa Kizigua kusoma na kuandika kabla hajamuona mwalimu wa serikali, havikuhesabiwa kuwa shule.

Shule za rangi zilifutwa rasmi Januari 1962. Waislamu nao hawakukaa bure. East African Muslim Welfare Society, iliyoasisiwa mwaka 1945, ilijenga shule na misikiti Afrika Mashariki, hadi ilipopigwa marufuku hapa nchini mwaka 1968. Baadaye Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaiwezesha serikali kuzitwaa shule za misheni ziwe za watoto wote. Hayo ni mambo yaliyoandikwa, na anayesema Waislamu wanalalamika tu bila sababu hajaisoma nchi yake.

Lakini historia hiyo hiyo tuisome yote. Shule ya kwanza ya serikali ya Wajerumani ilifunguliwa Tanga mwaka 1892, na watoto wa Kiislamu wa pwani waliingia humo, wakatoka makarani na maakida. Wakati huo Muislamu wa ndani ya Handeni alikuwa porini na jembe lake, hana shule wala karani. Wote wawili ni Waislamu na wote wakielekea Qibla kimoja, lakini mmoja alipata elimu na mwingine hakupata. Tofauti yao ilitokana na mahali walipozaliwa na kile walichokuwa nacho.

Nenda Korogwe ukaione tofauti nyingine. Wajerumani waliuleta mkonge mwaka 1893, na mashamba yalipoenea Ngombezi, Magunga, Mnyuzi na Hale, waliletwa vibarua, wale walioitwa manamba, kutoka Kigoma, Unyamwezi, Njombe, Burundi na Msumbiji. Wajukuu wao wapo hadi leo. Katika kambi moja ya zamani utamkuta Ramadhani na Petro, mlango kwa mlango, bati moja lililotoboka, kisima kimoja, shule moja yenye walimu pungufu. Je, uhitaji wa Petro ni mdogo kuliko wa Ramadhani? Na anayewatenganisha ili mmoja apate na mwingine akose kwa sababu ya jina, atatumia aya gani?

Mizani ya Sharia

Mwenyezi Mungu (s.w.) hakumuachia mtu yeyote agawe Zaka kwa matamanio yake. Katika Suratut Tawba, aya ya 60, amewataja Mwenyewe wanaostahiki, aina nane: mafakiri, masikini, wanaoikusanya, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, watumwa wanaokombolewa, wenye madeni, walio katika njia ya Allah, na msafiri aliyekatikiwa. Tazama nani ametangulia. Kisha tafuta katika aina hizo nane kabila, ukoo au rangi. Hutaona.

Zaidi ya hapo, ukoo bora kuliko koo zote, ukoo wa Mtume (s.a.w.), haukupewa fungu katika Zaka, bali ulizuiwa. Imepokewa kuwa mjukuu wake Hasan (r.a.), akiwa mtoto mdogo, alitia mdomoni tende moja ya sadaka, na Mtume (s.a.w.) akamtaka aitoe. Tende moja tu, na mtoto mdogo! Ikiwa mjukuu wa Mtume hakupata tende kwa sababu ya jina, sisi tunapata wapi ujasiri wa kudai mali ya umma kwa majina yetu?

Atatokea msomi aseme: "Sheikh, lakini Zaka ni ya Waislamu." Ni kweli. Mafakihi wengi wamesema fungu la mafakiri na masikini katika Zaka ni la Waislamu, kwa kutegemea agizo la Mtume (s.a.w.) kwa Muadh (r.a.) alipomtuma Yemen, kuwa ichukuliwe kwa matajiri wao na irejeshwe kwa mafakiri wao. Lakini fedha ya Bodi ya Mikopo haitokani na Zaka. Ni kodi ya muuza machungwa wa Mkata na mwenye duka wa Manundu, Muislamu na Mkristo, pamoja na marejesho ya waliokopa zamani. Inafanana na fedha ya Baytul Mali, hazina ya watu wote.

Na kuhusu hazina hiyo tuna mfano wa Umar bin Khattab (r.a.). Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, ameeleza katika Kitabul Kharaj kuwa Umar alimkuta mzee kipofu akiomba mlangoni. Akamuuliza habari zake, akamfahamu kuwa ni Myahudi aliyelemewa na kodi, umri na haja. Khalifa hakumwambia aende kwa watu wake. Alimshika mkono, akampeleka nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho, kisha akamuagiza mtunza hazina amtazame mzee huyo na wa mfano wake, na akamuondolea kodi. Khalifa wa Waislamu aliiona haja kwanza, na dini ya mzee yule haikuizuia hazina kufunguka.

Uadilifu huu si hisani ya kuchagua. Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimama na haki hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Katika Suratul Maida, aya ya 8, tumekatazwa chuki yetu kwa watu isitupeleke kuacha uadilifu. Aya hizi hazikuteremshwa kwa siku ambazo haki inatufaa tu.

Tukipewa fungu la dini, nani atalila?

Hebu tujiulize kwa vitendo. Tuseme kesho serikali inakubali, fungu fulani la mikopo ni la Waislamu. Watakaosimama kwenye foleni ni nani? Wa mbele atakuwa kijana wa mfanyabiashara wa Kariakoo, aliyesoma shule ya kulipia tangu chekechea, mwenye ufaulu mzuri na vyeti vyote ndani ya bahasha. Wa nyuma kabisa atakuwa binti wa Kwamsisi, aliyesoma kwa kibatari na kutembea kilomita nyingi kwenda shule ya kata isiyo na maabara. Wote ni Waislamu. Fungu la dini haliwezi kuwatenganisha, maana jicho lake linaona dini tu. Mwenye nguvu atalichukua, na binti wa Kwamsisi ataambiwa Waislamu wenzake wamepata, afurahi.

Lipo na jambo la pili. Ukigawa kwa dini lazima awepo wa kuthibitisha dini. Sensa ya nchi hii haijauliza dini tangu mwaka 1967. Je, tunataka afisa wa serikali aketi ofisini aamue nani Muislamu na nani si Muislamu? Sisi wenyewe, kwa madhehebu na taasisi zetu, tunagombana juu ya mwezi wa Ramadhani. Tukimkabidhi karani kazi hiyo tumejitia kitanzi.

Wengine wamepita njia hii

Tutazame pia waliotutangulia. Afrika Kusini ilitawaliwa kwa ubaguzi wa rangi hadi mwaka 1994, na hakuna aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wao ya kugawa misaada kwa rangi. Hata hivyo mfuko wao wa serikali wa wanafunzi, NSFAS, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, hupima kipato cha kaya. Mwaka 2018 uliweka kiwango cha rand 350,000 kwa mwaka kwa wanafunzi wapya. Kwa kuwa ubaguzi uliwafukarisha watu weusi, kipimo cha kipato kiliwafikia hao hao bila kuuliza ngozi.

Marekani nayo imebishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2023 Mahakama yake ya Juu ilivizuia vyuo kutumia rangi ya mwombaji katika kuchagua wanafunzi. Lakini msaada wao mkubwa wa serikali kwa wanafunzi wenye shida, Pell Grant, wenye asili katika sheria ya mwaka 1972, ulikuwa ukitazama hali ya fedha ya familia tangu mwanzo. Jirani zetu Kenya, mwaka 2023, walianza mfumo wa kuwapanga wanafunzi kwa madaraja ya uhitaji, na mara moja wazazi wakalalamika kuwa watoto wa masikini wamewekwa daraja la wenye nacho. Somo hili tulishike: kusema "tutagawa kwa dhiki" ni rahisi, kazi iko katika kuipima.

Wapo wanaosema, na wana hoja, kuwa kipato peke yake hakioni dhuluma ya miaka iliyopita. Jibu langu ni kuwa dhuluma ya zamani huacha alama, na alama hupimika. Je, mwombaji ni wa kwanza katika ukoo wake kufika chuo? Mama yake alisoma hadi darasa la ngapi? Shule yake ilikuwa na mwalimu wa hisabati? Kijiji chake kina umeme? Ukizipima alama hizi utamfikia mtoto wa Muislamu aliyeachwa nyuma na historia, na utamfikia Mkristo wa kambi ya mkonge aliyeachwa nyuma vile vile. Wala hutampa mtoto wa tajiri kwa kisingizio cha machozi ya masikini.

Dhiki isiyoonekana kwenye fomu

Sasa tuje kwetu. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Kwa maandishi, msingi wake ni huu huu tunaoutetea: yatima, mlemavu, mwenye mzazi mlemavu, anayetoka kaya masikini, aliyesomeshwa na mfadhili. Tatizo liko katika namna dhiki inavyothibitishwa.

Niliwahi kuketi Handeni mjini, kwenye duka la kutoa kopi, msimu wa maombi ya mikopo. Aliingia mama mmoja na binti yake. Kijana wa dukani akawapokea vizuri, akaanza kujaza fomu kwenye kompyuta. Alipofika kwenye kipengele cha wazazi akauliza: "Mama, cheti cha kifo cha baba mmekuja nacho?" Yule mama akamtazama kama aliyeulizwa kitu cha ajabu. Akajibu: "Mwanangu, sisi tulimzika. Hatukumwandikisha."

Ndugu zangu, neno hilo limebeba msiba mzima wa vijiji vyetu. Mtu akifariki alfajiri, adhuhuri tumeshamzika, kama ilivyo sunna ya kuharakisha jeneza. Hilo ni jema. Lakini baada ya hitma hakuna anayekumbuka kwenda kwa msajili. Mjini utahitaji kibali cha mazishi, kijijini utahitaji jembe na sanda tu. Miaka kumi baadaye mtoto wa marehemu anaomba mkopo, na Bodi inamtaka cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA. Hana. Basi kwa macho ya fomu baba yake yu hai, na yeye si yatima. Kijiji kizima kilihudhuria mazishi, lakini kompyuta haikuhudhuria.

Si hilo tu. Cheti cha shule kinasema Mwanahamisi, cha kuzaliwa kinasema Mwanahamis. Baba ni Rajabu huku na Rajab kule. Herufi moja inamrudisha mtoto kwa wakili kula kiapo, na kiapo kina gharama, na wakili yuko mjini, na nauli haipo.

Chukua na kijana aliyesoma seminari ya Kiislamu kwa ada ya mfadhili, au kwa mchango wa wajomba zake. Shule ni ya kulipia, hivyo kwa haraka anaonekana mtoto wa mwenye uwezo. Anatakiwa barua na uthibitisho wa aliyemlipia. Taasisi zetu ngapi zinatunza kumbukumbu hizo? Tunamsomesha mtoto kwa nia njema, kisha kwa uzembe wa makaratasi tunamfungia mlango wa chuo kikuu.

Na liko kubwa kuliko yote, ambalo hakuna fomu inayoliona. Ni yule ambaye baba yake yu hai, ila hayupo. Alimuacha mama, akaenda Dar es Salaam au Arusha, akaoa mwingine, na tangu hapo hajatuma hata sabuni. Katika fomu mtoto huyu ana wazazi wawili hai, wenye nguvu zao. Kwa kweli ana mama mmoja anayeuza maandazi stendi ya Korogwe. Nasema haya kwa wanaume wa Kiislamu hasa, wengine mnaosoma gazeti hili mkiwa mjini. Talaka tumeruhusiwa, na mke zaidi ya mmoja tumeruhusiwa kwa sharti la uadilifu. Lakini nafaka na matunzo ya mtoto hayaishi kwa talaka. Unaposimama barazani kulalamika kuwa serikali inawanyima watoto wa Kiislamu mikopo, jiulize kwanza: watoto wako walioko Kabuku na Mombo, wewe umewanyima nini? Umewafanya yatima bila kufa, na uyatima wa namna hiyo hauna cheti.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa masikini wa kweli si yule anayezunguka kwa watu akarudishwa na tonge moja au mbili. Ni yule asiye na cha kumtosha, wala hatambulikani ili apewe, wala hasimami kuomba. Na katika Suratul Baqara, aya ya 273, Allah (s.w.) anatueleza juu ya mafakiri ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri, kwa namna wanavyojizuia kuomba. Basi kipimo chochote kinachomtambua mpigaji kelele tu, na mwenye bahasha iliyojaa tu, kitampita masikini huyu kila mwaka.

Mashahidi watatu

Je, dini imetuachia njia ya kumtambua? Ndiyo. Katika hadithi ya Qabisa (r.a.), iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) alimueleza kuwa kuomba hakuruhusiwi ila kwa watu watatu, na mmoja wao ni aliyepatwa na ufukara mpaka washuhudie watu watatu wenye akili miongoni mwa jamaa zake kuwa kweli fulani amefukarika. Tazama hekima hiyo. Ushahidi wa dhiki upo kwa wanaoishi na mtu, wanaojua jikoni kwake kunapikwa nini. Na si shahidi mmoja anayeweza kununuliwa, ni watatu wenye akili.

Kwa hiyo tunapoizungumzia Bodi, madai yetu yawe ya haki na yenye kuleka. Tuombe ushahidi wa serikali ya kijiji, pamoja na viongozi wa dini wa pale pale, upewe uzito pale cheti kinapokosekana kwa sababu za kweli. Kaya zilizomo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya masikini, ulioanza mwaka 2012, tayari zimetambuliwa mbele ya wanakijiji wenzao. Ni mfano kuwa jambo hili linawezekana. Tuombe pia hesabu zitolewe hadharani: kila wilaya imepata wanafunzi wangapi, wangapi walitoka shule za kata, wangapi za kulipia. Hesabu hiyo haiulizi dini ya mtu, lakini ikiwa Handeni imesahauliwa itaonekana mchana kweupe, na hakuna atakayeweza kutuambia tunaleta udini.

Na pale mtu anapokosa, dirisha la rufaa lipo. Vijana wetu wengi wakikosa hurudi nyumbani na kusema "tumebaguliwa", wakakaa. Labda kweli wamedhulumiwa, lakini haki huombwa kwa aliyeikalia. Wengine niliongea nao waliacha kuomba kabisa kwa kuhofia riba. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha iliwatia shaka Waislamu wengi, na ilikuwa shaka ya haki. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021. Aliyeacha kwa sababu hiyo na aulize upya kwa masheikh anaowaamini, asikae na habari ya zamani.

Na sisi wenyewe je?

Kabla hatujaikosoa Bodi, tuzitazame kamati zetu za Zaka na mifuko yetu ya misaada ya masomo. Tunagawaje? Si siri kuwa mara nyingi msaada humfuata anayeswali msikiti wetu, wa msimamo wetu, au mtoto wa mjumbe wa kamati. Mwenye dhiki kubwa wa mtaa wa pili huambiwa aende kwa watu wake. Tunalaani ubaguzi wa serikali kwa ulimi, na kwa mkono tunaufanya wenyewe, tena ndani ya nyumba ya Allah. Katika Suratul Hashri, aya ya 7, tumeelezwa kuwa mali igawiwe ili isiwe inazunguka kwa matajiri peke yao. Je, mfuko wa msikiti unaozunguka kwa watoto wa kamati umeifuata aya hiyo?

Tuyafanye haya, na hayahitaji kibali cha mtu. Kila msikiti wa Handeni na Korogwe uwe na daftari la mazishi: jina la marehemu kama lilivyo kwenye vyeti vyake, tarehe, mashahidi. Imamu awasindikize wafiwa kwa msajili kabla ya siku arubaini kupita. Hilo peke yake litawaokoa mayatima wa miaka kumi ijayo. Kila taasisi inayomlipia mtoto ada itunze risiti na impe barua kila mwaka. Msimu wa maombi ukifika, vijana waliosoma wakae msikitini na kompyuta zao, wawajazie watu fomu bila malipo. Na Petro wa jirani akija na fomu yake, naye ajaziwe. Sadaka na wema kwa jirani havina mpaka wa dini, na huenda akauona Uislamu kwa vitendo siku hiyo kuliko kwa mihadhara kumi.

Walioko mjini, mliotoka vijiji hivi na sasa mna kazi na magari, marejesho ya mikopo yenu lipeni. Deni ni amana. Mtume (s.a.w.) alikuwa mkali sana katika suala la deni, hadi kuna wakati alijizuia kumswalia maiti aliyeacha deni lisilo na mlipaji. Kila shilingi unayoificha ni kiti cha binti wa Kwamsisi.

Tusidai kwa majina, tudai kwa haki. Tukifanya hivyo, mtoto wa Muislamu masikini hatapungukiwa na kitu, maana yeye ndiye mwenye dhiki, na haki ikisimama itamkuta alipo.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe waadilifu hata pale uadilifu unapotugharimu. Wafungulie milango ya elimu yenye manufaa watoto wa mafakiri na mayatima. Walainishe nyoyo akina baba waliowasahau watoto wao, na watie khofu Yako waliopewa amana ya mali ya watu. Amin.

Wabillahi tawfiq.